Mfalme wa Wafalme: Maisha ya Yohannes wa Nne wa Uhabeshi

Kila mtoto aliyekaa chuoni katika miji yetu ya pwani amepata kusikia habari za Najashi, yule mfalme wa Uhabeshi aliyewapokea Masahaba walipohama Makka kwa kukimbia mateso ya Makureshi. Amehadithiwa vile Jaafar bin Abi Talib alivyosimama mbele ya mfalme yule akamsomea aya za Suratu Maryam, na vile mfalme alivyokataa kuwarudisha wageni wake mikononi mwa adui zao. Lakini si wengi wajuao kwamba Najashi ni cheo. Wahabeshi wenyewe hutamka negus, na maana yake ni mfalme.

Tangu zamani za Aksum nchi ile imekuwa na watawala wengi kwa wakati mmoja, kila mmoja na jimbo lake, na juu yao hukaa mwingine aitwaye negusa nagast, yaani mfalme wa wafalme. Cheo hiki kinatisha masikioni. Mtu akikisikia hudhani kwamba mwenye kukivaa akitoa amri moja, wafalme wote walio chini yake huinamisha vichwa. Maisha ya Yohannes wa Nne, aliyekikalia kiti hicho kutoka mwaka 1872 hadi alipouawa vitani mwaka 1889, yanatuonyesha mambo yalivyokuwa hasa. Huyu alikuwa mtu shujaa, mshika dini yake kwa bidii, asiyependa anasa, na aliyeichukia tumbaku hata akaipiga marufuku. Katika vita vyake vikubwa na wageni alishinda mara nyingi. Hata hivyo, siku aliyowahitaji mno wafalme wake, hawakuwa naye.

KUINUKA KWA KASSA

Yohannes alizaliwa mwaka 1837 katika jimbo la Tigray, kaskazini mwa Uhabeshi, na jina lake la kwanza lilikuwa Kassa. Baba yake, Mercha, alikuwa mkuu wa wilaya ya Tembien, na pande zote mbili za ukoo wake zilikuwa za watawala wa Tigray. Ujana wake ulipita katika zama za Tewodros wa Pili, ambaye alitawazwa mwaka 1855 akiwa na nia ya kuuvunja kabisa utaratibu wa wakubwa wa majimbo. Tewodros aliwanyang'anya nchi zao, akaweka watu wake mahali pao, na watoto wa wakubwa akawafungia katika ngome yake ya Maqdala, juu ya mlima. Mmoja wa wafungwa hao alikuwa kijana wa Shewa aliyeitwa Menelik, mjukuu wa mfalme Sahle Selassie. Menelik alikaa huko miaka kumi, akatoroka mwaka 1865, akarudi kwao na kuupata ufalme wa baba zake. Jina lake tutalisikia sana huko mbele.

Kadiri Tewodros alivyozidi kukaza kamba, ndivyo majimbo yalivyozidi kumkatikia. Kassa naye akaasi huko Tigray. Mwishowe Tewodros akawatia ndani hata wageni wa Kizungu, akiwamo balozi wa Uingereza, na Waingereza wakaleta jeshi kubwa kutoka Bara Hindi chini ya jemadari Robert Napier. Jeshi hilo lilipita katika nchi ya Kassa, naye akaliachia njia na kuliuzia chakula. Tarehe 13 Aprili, 1868, Tewodros alipoona ngome yake inaingiliwa, alijiua kwa bastola. Waingereza walikuwa hawana haja ya kukaa. Walikusanya watu wao wakaondoka, na walipokuwa wakienda zao wakamwachia Kassa mizinga na mamia ya bunduki kwa kumshukuru.

Kiti kikawa kitupu, na waliokitaka walikuwa watatu. Kusini alikuwako Menelik, mfalme wa Shewa, ambaye alikwisha kuanza kujiita mfalme wa wafalme. Katikati alikuwako Gobeze, mkuu wa Lasta, ambaye ndiye aliyewahi kujitawaza mwaka 1868 kwa jina la Tekle Giyorgis. Na kaskazini alikuwako Kassa, aliyekuwa shemeji yake Gobeze, kwa kuwa Gobeze alimwoa dada yake. Ushemeji haukuzuia kitu. Mwezi wa Julai, 1871, Tekle Giyorgis alimwendea Kassa karibu na Adwa kwa jeshi lililozidi la Kassa mara nyingi. Lakini watu wa Kassa walikuwa na zile silaha za Napier, na walifunzwa kuzitumia na Mwingereza mmoja aliyeitwa Kirkham. Mchana mmoja ulitosha. Tekle Giyorgis alikamatwa, na mwezi wa Januari, 1872, Kassa akavikwa taji katika mji mkongwe wa Aksum, akaitwa Yohannes wa Nne.

AMRI ILIPOISHIA

Kabla ya kuendelea, yafaa msomaji afahamu ni ufalme wa namna gani alioupata. Sisi wa pwani tumezoea kusikia habari za maliwali na mamudiri. Liwali huwekwa na mkubwa wake, hula mshahara wa mkubwa wake, na mkubwa akitaka kumwondoa humwandikia barua. Mfalme wa Shewa au wa Gojjam hakuwa liwali. Alizaliwa katika nchi ile, babu zake walizikwa humo, na wakulima walimlipa yeye kodi. Askari walimfuata yeye kwa kuwa yeye ndiye aliyewapa mashamba ya kula. Wengi wao hawakupata hata kumwona mfalme wa wafalme kwa macho.

Tena nchi yenyewe ilikuwa ngumu. Uhabeshi ni nchi ya milima iliyokatwa na mabonde marefu, na bonde la Abay, ambao ndio Nili ya Buluu, linawatenga watu wa Gojjam na wenzao. Kutoka mwezi wa Juni hadi Septemba mvua hunyesha, mito hufurika, na majeshi hayaendi popote. Askari hawakuwa na mshahara. Walikula vya wakulima wa mahali walipopiga kambi, na baada ya wiki chache mahali hapo huwa hapana nafaka wala ng'ombe. Kwa hiyo mfalme wa wafalme aliweza kumwendea mfalme mdogo na kumshinda, lakini hakuweza kukaa huko. Alipoondoka ilimlazimu amwache mtu wa kuitawala nchi, na mtu ambaye wenyeji wangemtii alikuwa, mara nyingi, ni yule yule aliyeshindwa.

Yohannes aliyajua haya. Aliuona mwisho wa Tewodros, akachagua njia nyingine. Hakutaka kuwaondoa wafalme. Alitaka wamkubali kuwa ndiye mkubwa wao, walipe kodi yao, na walete askari wakati wa vita. Ilikuwa njia ya busara, lakini ilisimama juu ya jambo moja tu, nalo ni kwamba wale wafalme wataitika watakapoitwa.

VITA VYA MISRI

Mtihani wa kwanza haukukawia. Khediwi Ismail wa Misri alikuwa na tamaa ya kulitawala bonde lote la Nili pamoja na pwani ya Bahari ya Sham. Tamaa hiyo ilifika hata upande wetu, kwani mwaka 1875 manowari za Misri chini ya McKillop ziliteremsha askari Barawa na Kismayu, bandari zilizokuwa za Seyyid Barghash wa Zanzibar, nao wakakaa hapo miezi michache hata Waingereza walipomshurutisha Khediwi awaondoe. Mwaka uo huo Wamisri waliuteka mji wa Harar, na jeshi lao jingine likapanda kutoka Massawa kwenda kumpiga Yohannes.

Yohannes alilizingira jeshi hilo mahali paitwapo Gundet tarehe 16 Novemba, 1875, akaliangamiza karibu lote. Khediwi akaleta jingine kubwa zaidi, likiwa na maofisa wa Kimarekani na mizinga ya kisasa, na hilo nalo likavunjwa huko Gura mwezi wa Machi, 1876. Jina la Yohannes likavuma.

Lakini katika vita hivi viwili mfalme wa Shewa hakuonekana. Menelik alikuwa akiandikiana na Wamisri, akitafuta bunduki na njia ya kufika pwani. Hakumpiga Yohannes waziwazi, bali alikaa kando akingoja kuona nani atamaliza nani. Akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki, na Yohannes hakusahau ni nani aliyemkosa katika dhiki yake.

JIWE LA LECHE

Mapema mwaka 1878 Yohannes alishuka kusini na jeshi lake. Menelik alipima nguvu zake akaona hazitoshi. Wapatanishi wakaenda na kurudi, na mwezi wa Machi, hapo Leche katika nchi ya Shewa, mapatano yakafungwa. Menelik alikuja mbele ya Yohannes amebeba jiwe shingoni, kama ilivyokuwa desturi ya Wahabeshi kwa mtu anayekiri kosa na kuomba aman. Yohannes akamsamehe, na siku chache baadaye akamvika taji kwa mkono wake mwenyewe kuwa mfalme wa Shewa.

Menelik aliliacha jina la mfalme wa wafalme. Aliahidi kulipa kodi kila mwaka, kulilisha jeshi la Yohannes likipita kwake, kumletea askari akiitwa, na kuwatoa wamisionari wa Kizungu. Kwa mtazamaji, siku ile ilikuwa ya ushindi mtupu wa Yohannes. Lakini tuangalie kilichobaki mkononi mwa Menelik baada ya jiwe kushushwa. Nchi yake ilibaki yake. Jeshi lilibaki lake. Biashara ya kusini, yaani pembe za ndovu, kahawa, dhahabu na watumwa, ilibaki ikipita kwake, na ndiyo iliyomnunulia bunduki. Na taji alilokuwa amelivaa kwa kurithi, sasa alilivaa kwa idhini ya mfalme wa wafalme mwenyewe, hata pasiwe na mtu wa kuuliza tena. Yohannes alipopanda farasi kurudi kaskazini, amri yake ilipanda pamoja naye.

AMRI YA KUBADILI DINI

Hapa tunafika mahali ambapo msomaji Mwislamu hawezi kupita haraka. Yohannes aliyewaachia wafalme karibu kila kitu, hakutaka kuwaachia watu imani zao. Mwezi wa Mei, 1878, aliitisha mkutano mkubwa Boru Meda, katika jimbo la Wollo. Kwanza walikata shauri juu ya ugomvi wa siku nyingi kati ya makasisi wa Kihabeshi, na mafundisho yaliyofuatwa na wengi wa Shewa yakapigwa marufuku. Kisha ikatoka amri kwamba Waislamu wa Wollo wabatizwe. Wakubwa wenye vyeo walipewa miezi mitatu, na watu wa kawaida miaka mitatu.

Wollo ilikuwa nchi ya Waislamu kwa vizazi vingi, na watawala wake wakubwa walijiita maimamu. Wawili waliokuwa wakishindania uimamu walibatizwa wakati huo. Mmoja wao, Imam Muhammad Ali, aliitwa Mikael, na Yohannes mwenyewe akawa baba yake wa ubatizo. Mwenzake akapewa jina la Haile Maryam, naye akasimamiwa na Menelik. Kwa wakubwa mambo yalikuwa mepesi, maana mwenye kubatizwa alibaki na nchi yake.

Kwa raia haikuwa hivyo. Wengi waliikimbia nchi yao, wengine wakielekea Harar na wengine kusini. Waliobaki walikwenda kanisani mchana, na usiku wakasali sala zao majumbani. Misikiti ilibomolewa na makanisa yakajengwa. Wengine walishika silaha, na katika miaka ya 1880 Sheikh Talha bin Jaafar, mwanachuoni wa Wollo, aliongoza upinzani uliowasumbua Yohannes na Menelik pia. Majeshi yalikwenda Wollo tena na tena, yakachoma, yakateka mifugo, na yalipotoka watu wakarudia dini yao.

Tukumbuke kwamba Najashi wa kwanza aliwaacha Masahaba wakaabudu kwa amani katika nchi yake, na heshima ya jina lake ipo hata leo. Yohannes alidhani kwamba dini moja itaufunga ufalme wake kama kamba inavyofunga kuni. Mfalme mdogo aliweza kumbebesha jiwe, lakini moyo wa mkulima wa Wollo haukuwa na shingo ya kubebeshwa. Amri yake ilivuka mpaka wake hapa kuliko mahali pengine popote, na jimbo ambalo lingekuwa daraja kati yake na Shewa likawa kidonda.

FAHALI WAWILI

Baada ya Leche, Yohannes alitafuta namna ya kumpunguza Menelik bila kumpiga. Mwezi wa Januari, 1881, alimtawaza mkuu wa Gojjam kuwa mfalme, akamwita Tekle Haymanot, na akampa Gojjam na Kaffa. Kaffa ilikuwa nchi tajiri ya kusini, nayo Menelik aliitamani. Hesabu ya Yohannes ilikuwa wazi. Wakiwapo wafalme wawili wanaoshindana, kila mmoja atamhitaji yeye.

Waswahili husema fahali wawili hawakai zizi moja. Tarehe 6 Juni, 1882, majeshi ya wafalme hao wawili yalikutana Embabo, kusini ya mto Abay, yakapigana siku nzima. Menelik alishinda, akamkamata Tekle Haymanot akiwa na jeraha. Wote wawili walikuwa raia wa mfalme mmoja, na hakuna aliyemwomba ruhusa.

Yohannes alikasirika. Aliwaita wote wawili, akamtaka Menelik amwachilie mateka wake na kuitoa silaha aliyoiteka. Menelik alinyang'anywa Wollo, na Tekle Haymanot akapunguziwa nchi yake. Kisha Yohannes akatafuta kufunga udugu. Mwanawe, Araya Selassie, akaozwa binti ya Menelik aliyeitwa Zewditu, mtoto wa miaka sita tu. Ilitumainiwa kwamba nasaba itafanya kile ambacho kiapo hakikufanya. Ndoa hiyo haikuzaa matunda, kwani Araya Selassie alifariki mwaka 1888.

Jambo jingine la wakati huo lilionekana dogo, lakini lilikuja kuwa kubwa. Kanisa la Uhabeshi halikuwa na haki ya kujiwekea askofu wake. Askofu aliletwa kutoka Misri, kwa Wakibti, na yeye tu ndiye aliyeweza kumtawaza mfalme wa wafalme. Mwaka 1881 Yohannes alifaulu kuwaleta maaskofu wanne kwa pamoja, akawagawa. Wa Gojjam akaenda kwa Tekle Haymanot, na mwingine, Matewos, akaenda Shewa kwa Menelik. Alikusudia kueneza dini. Kumbe amempelekea mfalme wa Shewa mtu mwenye mafuta ya kumpaka mwingine cheo chake yeye Yohannes.

ADUI PANDE TATU

Mwaka 1884 mambo ya nje yaligeuka. Huko Sudan wafuasi wa Mahdi walikuwa wamewazingira askari wa Misri, na Waingereza, waliokuwa wakiitawala Misri wakati huo, walimwomba Yohannes awasaidie kuwatoa. Mapatano yalitiwa sahihi Adwa tarehe 3 Juni, 1884. Yohannes aliahidiwa kurudishiwa nchi ya Bogos, na bidhaa zake kupita Massawa bila kizuizi. Yeye alitimiza ahadi yake, na kwa kufanya hivyo akajifanyia uadui na watu wa Mahdi. Waingereza nao wakawaacha Wataliani waingie Massawa mwezi wa Februari, 1885.

Wataliani hawakutosheka na pwani. Walipoanza kupanda bara, jemadari wa Yohannes, Ras Alula, aliwavamia Dogali tarehe 26 Januari, 1887, akaua karibu watu 500. Italia ikaapa kulipiza kisasi. Wakati uo huo Menelik alikuwa akisherehekea ushindi wake, kwani mwezi huo huo wa Januari aliutwaa mji wa Harar kutoka kwa Amir Abdullahi. Sasa alikuwa na njia yake mwenyewe ya kwenda baharini. Mwezi wa Oktoba, 1887, wakati mkubwa wake akijiandaa kupigana na Wataliani, Menelik alipatana na Wataliani hao hao kwamba hatajiingiza katika ugomvi huo, nao wakamwahidi bunduki 5,000.

Mwaka 1888 ulikuwa mwaka wa msiba. Mwezi wa Januari jeshi la Sudan chini ya Hamdan Abu Anja liliingia magharibi, likamvunja Tekle Haymanot huko Sar Weha, likateka watoto wake, na likauchoma mji wa Gondar pamoja na makanisa yake. Mfalme wa Gojjam alikuwa akililinda lango la ufalme, na mkubwa wake hakuwako kumsaidia. Menelik aliamriwa kwenda Gondar. Alikwenda polepole, na alipofika adui alikwisha kuondoka. Yohannes alikuwa kaskazini, ambako aliwakabili Wataliani katika ngome zao za Saati. Wataliani walikataa kutoka nje kupigana, na chakula cha jeshi lake kikaisha, akageuka bila vita.

Ndipo wale fahali wawili wakapatana. Menelik na Tekle Haymanot, waliouana watu wao Embabo, waliahidiana kusaidiana dhidi ya Yohannes. Mmoja alikuwa na kinyongo cha kuachwa peke yake mbele ya Wasudani. Mwingine alikuwa na hamu ya kiti. Yohannes alipopata habari, hasira yake ikaishukia Gojjam. Mwishoni mwa mwaka 1888 askari wake waliichoma nchi ile, wakala ng'ombe na nafaka, wakawaacha wakulima mikono mitupu. Ng'ombe waliobaki walikuja kumalizwa na sotoka, ugonjwa ulioingia nchini miaka hiyo hiyo, na njaa kuu ikafuata. Mkulima wa Gojjam hakuwa amevunja kiapo chochote, lakini yeye ndiye aliyelipa.

METEMMA

Baada ya Gojjam, Yohannes alitaka kumwendea Menelik. Njia ya Shewa ilikuwa wazi, lakini Wasudani walikuwa mgongoni mwake. Alijaribu kuzima moto mmoja ili aukabili mwingine, akamwandikia Abu Anja akitaka amani baina yao, kwa hoja kwamba adui wa wote wawili ni Wazungu. Jibu alilopata lilimtaka asilimu kwanza. Yule aliyewapa watu wa Wollo miaka mitatu ya kubatizwa, sasa yeye ndiye aliyeambiwa abadili dini kwa amri ya mwingine. Alikataa, kama wengi wa Wollo walivyokataa.

Akageukia magharibi. Tarehe 9 Machi, 1889, alilishambulia jeshi la Khalifa Abdullahi katika ngome yake ya miiba huko Metemma, mpakani mwa Sudan. Abu Anja alikuwa amekwisha kufa, na jeshi lake lilishikwa na Zaki Tummal. Wahabeshi walipigana kwa ukali, wakaingia ndani ya ngome, na ushindi ulikuwa karibu. Hapo risasi ikampata Yohannes. Walimbeba hadi hemani, na habari ilipoenea, jeshi lile kubwa likayeyuka. Mfalme alikufa baada ya kumtangaza Mengesha kuwa ni mwanawe na mrithi wake. Wasudani waliwafuata waliokuwa wakiichukua maiti, wakaiteka, na kichwa cha mfalme wa wafalme kikapelekwa Omdurman kwa Khalifa.

Katika jeshi lililokwenda Metemma, mfalme wa Shewa hakuwamo. Alikuwa kwake, mzima, na bunduki zake.

BAADA YAKE

Menelik hakungoja. Katika mwezi uo huo wa Machi alijitangaza kuwa mfalme wa wafalme, na tarehe 3 Novemba, 1889, akavikwa taji huko Entoto na Askofu Matewos, yule aliyeletwa na Yohannes. Mwaka 1894 Ras Mengesha, mwana wa Yohannes, alikwenda Addis Ababa kumkiri Menelik. Alibeba jiwe, kama Menelik alivyolibeba mbele ya baba yake miaka 16 iliyotangulia.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba Menelik alikuwa msaliti na Yohannes mkweli, tukafunga kitabu. Lakini Menelik alifanya yale ambayo kila mfalme wa jimbo angeyafanya akiwa na jeshi lake, kodi yake na mkubwa aliye mbali. Yeye mwenyewe alipokikalia kiti, alijifunza kutokana na makosa ya waliomtangulia. Mwaka 1896, Wataliani walipokuja, watu wa Tigray, Gojjam, Wollo na Shewa walisimama pamoja Adwa, naye Tekle Haymanot akiwamo, na Mikael wa Wollo akiwamo. Hakuwa na haja ya kuwapigania wafalme wake vita vingine kwanza.

Na kuna jambo moja la Menelik ambalo laweza kuwekwa kando ya mkutano wa Boru Meda. Kusini magharibi kulikuwa na ufalme wa Jimma, wa Waislamu, chini ya Abba Jifar wa Pili. Abba Jifar alimkubali Menelik bila vita na akamlipa kodi yake barabara. Menelik naye alimwachia nchi yake, desturi zake na dini yake. Jimma ilikaa hivyo kwa karibu miaka 50, hadi mwaka 1932, bila uasi wa kuchoma vijiji wala watu kusali kwa kujificha. Kule Wollo, ambako amri ilikwenda hadi ndani ya nyumba za watu, Uislamu haukutoka, na upo mpaka leo.

Yohannes anakumbukwa na watu wake kwa kuilinda nchi dhidi ya Wamisri, Wataliani na Wasudani, na sifa hiyo ni haki yake. Hakuna mfalme mwingine wa Uhabeshi wa karne ile aliyekufa mpakani akipigana na adui wa nje. Lakini watawala wa namna yake wangefaa waulizwe swali ambalo kila mwenye watu chini yake, awe wa dola au wa nyumba, hana budi kujiuliza kabla siku ya shida haijafika: hawa walionibebea jiwe siku ile, wangalikuja kama nisingekuwa na jeshi nyuma yangu?